Kimoja Kimoja, Usoni pa Salha

Sogeeni, na mwenye usingizi akanawe uso. Hadithi hii haina zimwi wala sungura, na mwisho wake mimi mwenyewe siujui. Niliipeleka kwa wanawake, wakagombana. Nikaipeleka kwa wanaume, wakasema hayo mambo ya wanawake, kisha wakagombana zaidi ya wanawake. Nimechoka kutembea nayo. Leo nawabwagia nyinyi.

Palikuwa na mji mmoja wa pwani. Jina lake nalificha, maana wenyewe hawajapatana mpaka leo. Katika mji huo palikuwa na nyumba yenye wanawake watatu, na kila mmoja Mungu alimjalia mkono wake.

Wa kwanza ni Bi Mgeni, bibi wa nyumba. Mkono wake ulikuwa wa wanja. Alikinga masizi ya taa, akayakanda kwa samli, akayatia kwenye kichupa chake kidogo. Akikupaka yeye, jicho lililolala linaamka. Watoto wachanga wa mtaa mzima walipelekwa kwake, nao walirudi kwa mama zao wakikodoa macho kama waliokuwa na neno la kusema.

Wa pili ni Riziki, mkwe wa Bi Mgeni. Mkono wake ulikuwa wa hina na piko. Alichora maua bila kuinua kijiti, na majani yake yalikuwa membamba hata ukidhani yatatikisika mtu akipuliza. Hakuna bibi harusi wa mji ule aliyetoka nje bila kupita mikononi mwa Riziki, na waliochorwa na mwingine walificha viganja.

Wa tatu ni Hidaya, binti wa Bi Mgeni, wifi yake Riziki. Mkono wake ulikuwa wa uso. Alikuwa na saluni karibu na soko, na kwa uzi na poda na rangi ya mdomo aliweza kumwingiza mtu mlangoni amenuna na kumtoa anajichekea kwenye kioo.

Mikono mitatu, na uso wa kuugombea mmoja tu: wa Salha, binti wa Riziki. Salha alikuwa na miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu, ana chunusi mbili kwenye paji la uso na hasira ambayo watu wa nyumbani waliiita ukimya.

Sasa sikilizeni vipimo vyao.

Bi Mgeni alisema, "Wanja si pambo, ni dawa. Mtoto wa kike apakwe wanja tangu arobaini yake. Lakini midomo myekundu kwa mtoto wa shule? Huko ni kuita wageni na wali haujaiva."

Riziki alisema, "Mkono pambeni, uso uacheni. Hina iko chini, haimtazami mtu machoni. Uso wa mwanangu uguswe na maji na sabuni, basi."

Hidaya alisema, "Dunia haiwasubiri nyinyi. Nyusi zisafishwe kidogo, chunusi zifunikwe kidogo, mdomo upate rangi kidogo, mtoto ajiamini. Hayo masizi na hayo mapiko ndiyo yanayomzeesha mtoto wa watu."

Mnaona? Alichokiita huyu adabu, yule alikiita uhuni. Na wote watatu walikuwa wakitumia neno lilelile, kidogo. Kila mmoja kidogo chake kilikuwa sawa na kidogo cha mwenzake kilikuwa kimezidi.

Aliyeumia ni Salha. Siku ya Idi alitoka chumbani na wanja wa bibi yake. Mama yake akamdaka mlangoni, akamfuta kwa ncha ya kanga aliyoilowesha mate. Akaenda saluni kumsaidia shangazi yake, akarudi mdomo unang'aa. Bibi yake akamsugua kwa ganda la limau mpaka midomo ikachonyota. Akachorwa jani moja kidoleni na mama yake. Shangazi yake akamwambia afiche mkono huo wateja wasione. Shuleni nako mwalimu wa nidhamu alimtoa kwenye mstari akamnawisha macho bombani, wenzake wote wanatazama, na wanja wenyewe ulikuwa wa juzi.

"Mama, sasa nipake nini?" aliuliza siku moja.

"Usipake."

"Hata mafuta?"

"Mafuta paka."

"Yenye rangi kidogo je?"

"Salha, usinitafutie presha."

Salha hakutaka makubwa. Alitaka kujipaka mwenyewe, akosee mwenyewe, ajifute mwenyewe. Hata alichokipenda hakukijua, kwa sababu uso wake haukuwahi kuachwa kwa muda wa kutosha akautazama. Akilala, alihisi mashavu yakiwaka kwa kusuguliwa, na moyo nao hivyohivyo.

Mtu mmoja tu katika nyumba ile hakuwahi kumfuta: Zamda. Huyu alikuwa binti wa marehemu baba mkubwa wa Salha, yatima aliyelelewa hapohapo, mwalimu wa darasa la kwanza. Walilala chumba kimoja tangu Salha akiwa mtoto. Salha akijipaka upande upande, Zamda humpa kioo, halafu anarudi kusahihisha madaftari ya watoto wake. Hasemi umependeza, hasemi umechafuka. Kwa Salha kile kioo kilikuwa kama kupewa nyumba yake mwenyewe.

Basi Zamda akachumbiwa. Mwanamume alikuwa wa mji wa mbali, safari ya kutwa nzima, na ndiko atakakompeleka. Salha alilia akamaliza, kisha akaanza kuihesabu harusi ile kuwa siku ya kuagana. Alimwambia Zamda, "Da Zamda, siku hiyo mimi nitakaa karibu nawe mpaka unapanda gari." Zamda akamjibu, "Usipokaa wewe, nani mwingine?"

Hapo ndipo mikono mitatu ilipopata msiba. Zamda alikataa kupambwa.

"Nitatia hina ya kiganjani tu," alisema, "na poda nyepesi. Wanafunzi wangu watakuja kunitazama. Nataka wanitambue."

Bi Mgeni alishika kichwa. Riziki alinuna. Hidaya alisema hajawahi kuona bibi harusi anayekwenda kwenye harusi yake kama anayekwenda kuuza mihogo. Lakini bibi harusi ndiye mwenye siku, wakashindwa. Sasa niambieni, fundi akinyimwa kazi, mikono yake anaipeleka wapi? Wote watatu waligeuka, na pale walipogeukia alikuwa amesimama Salha.

Ugomvi ukaanza upya, safari hii mchana kutwa. Huyu anasema Salha nitampaka mimi, yule anasema humgusi. Baba yake Salha, Mzee Shehe, alikuwa anatafuta watu wa kuchinja na kupika pilau, kichwa kinamgonga. Akasimama katikati ya ua, akatoa hukumu ya mtu anayetaka kelele ziishe.

"Kila mmoja amwekee kitu chake kimoja. Kimoja! Na mwenzake akishaweka, mtu asitie neno wala asifute. Sitaki kusikia habari ya rangi katika nyumba hii mpaka harusi ipite."

Wakakubali. Kilikuwa kitu cha haki, au kilionekana hivyo. Mmoja tu hakuulizwa, na mnamjua.

Aliyetangulia ni Riziki, kwa sababu piko linataka muda wa kukauka. Alimkalisha mwanawe mkekani akachora ua moja nyuma ya kiganja. Moja, kama walivyopatana. Lakini ua halielei hewani, likatiwa shina. Shina tupu lina ukiwa, likatiwa majani. Na mkono wa kushoto ukabaki mtupu, unaonekana kama umesahauliwa. Alipoinua kijiti, shina lilikuwa limefika kiwiko, mikono yote miwili. "Ua moja tu," alisema, na alikuwa anaamini.

Akafuata Hidaya, asubuhi ya siku yenyewe. Yeye alihesabu uso kuwa ni kitu kimoja. Akasafisha nyusi kwa uzi. Wa kulia ukawa mwembamba kuliko wa kushoto, akaurekebisha wa kushoto, ukawa mwembamba kuliko wa kulia. Akafunika chunusi kwa poda, na poda ikaufanya mdomo uonekane mweupe kama wa mgonjwa, akaufufua kwa rangi. Rangi iliyokuwapo ilikuwa nyekundu, zile nyingine wateja walikuwa wamezimaliza. "Uso mmoja tu," alisema, akajifuta mikono.

Mwisho akaja Bi Mgeni na kichupa chake. Wanja jicho la kwanza, wanja jicho la pili, na kwa kuwa macho ya Salha yalionekana yamechoka, na kwa nini yasichoke, akayavutia mkia mdogo kuelekea kwenye masikio. Halafu akamchomeka kikuba cha asumini na mrehani kifuani. "Maua si rangi," alisema. "Hayahesabiwi."

Na hakuna aliyetia neno, maana ndivyo walivyoamriwa. Riziki alipoziona nyusi zile alimeza mate. Hidaya alipouona ule mkia wa wanja aligeuza uso. Bi Mgeni alipouona mdomo alisoma kitu kimoyomoyo. Kila mmoja alimwona Salha kazidishwa, na kila mmoja alijua kilichozidi ni cha mwenzake.

Salha akaachwa peke yake mbele ya kioo cha ukumbini. Nataka msimame naye hapo kidogo. Alimwona mtu mkubwa anamtazama. Alijua hapohapo kwamba ni vingi mno. Angeweza kwenda bombani, mdomo ungetoka, wanja ungepungua. Lakini kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amepakwa na hakuna aliyekuja mbio kumfuta. Alisimama pale, nusu anachukia, nusu anafurahi, na ile nusu ya furaha ikamshika miguu. Hakwenda bombani.

Sasa mji ule una desturi zake. Pale, msichana asiyeolewa hatindwi nyusi. Piko lake haliruki kifundo cha mkono. Kikuba ni cha mwenye mume au anayekwenda kwa mume. Hayo hayakuandikwa popote, lakini kila mtu huyasoma. Na kuna desturi nyingine: kiti cha bibi harusi hakiachwi kitupu. Kikishapambwa, hukaliwa na mdogo wake bibi harusi, msichana, naye hukaa kimya bila kusema na mtu, mpaka mwenyewe atoke ndani. Kwa kawaida huwekwa kitoto chenye gauni la mikunjo na kamasi puani, na hakuna anayekosea.

Zamda alikuwa amemchagua Salha. Alimwita akiwa ndani anavishwa, mlango umeachwa wazi kidogo, hakumwona, alisema tu, "Salha, nishikie kiti changu. Sitaki kukaliwa na mwingine." Salha akaenda akakaa.

Wageni wa bwana harusi wakafika mapema. Gari lao lilikuwa limetangulia, barabara ilikuwa nzuri, na wenyeji bado wanafunga kanga. Mbele yao alikuwa Bi Chiku, bibi yake bwana harusi, mzee mwenye miwani na msimamo. Hakuwahi kumwona Zamda. Alibeba kidani cha dhahabu cha marehemu binti yake, mama yake bwana harusi, na aliweka nadhiri kwamba atamvisha mke wa mjukuu wake kwa mkono wake mwenyewe, kabla hajakaa, kabla hajanywa hata maji.

Akaingia. Akatazama kitini. Akaona piko mpaka kiwiko, nyusi zimetindwa, macho yana wanja, mdomo mwekundu, kikuba kifuani.

"Maashaallah!" alisema, na vigelegele vikapasuka nyuma yake.

Salha alifungua mdomo. "Bibi, mimi siyo…" lakini nani angemsikia? Na wa karibu walioona midomo inacheza walicheka, wakasema bibi harusi huyu ana wasiwasi. Akanyamaza. Mwenye kushika kiti hasemi, na alikuwa ameshasema akashindwa. Kidani kikapanda shingoni mwake, kizito na cha baridi. Bi Chiku akamshika kidevu, machozi yanamtoka.

"Nimekupokea, mke wa mjukuu wangu. Mama yake angekuona angefurahi."

Hapo ndipo pazia la ndani lilipofunuliwa na Zamda akatoka. Poda nyepesi, hina ya kiganjani, shela nyeupe. Alikuwa mzuri, na nasema hivyo kwa sababu siku ile hakuna aliyemwambia. Bi Chiku alimtazama kwa ukarimu, mkono bado uko kidevuni kwa Salha, akauliza:

"Na huyu naye, dada yake bibi harusi?"

Vigelegele vikakatika. Zamda alimtazama Salha, akakitazama kidani. Akageuka. Mlango wa chumba ukafungwa, komeo likalia.

Jamani, mtu anaweza kufunga mlango kwa nguvu ukamwona ni mwenye hasira. Zamda aliufunga taratibu, na hilo ndilo lililomtisha Salha.

Msikitini wanaume wanangoja. Mzee Shehe ndiye walii, mwenye kumwozesha, na alitakiwa aje kumwomba Zamda idhini yake kabla ndoa haijafungwa. Akaja, akagonga, akajibiwa kutoka ndani kwa sauti ile ile ya darasa la kwanza.

"Baba, idhini nitatoa. Lakini kwanza aje mmoja aniambie: ni mimi niliyemfanya Salha kuwa bibi harusi wa harusi yako, nisamehe. Mmoja. Mkija wote sifungui. Kosa la wote ni kosa lisilo na mwenyewe, na mimi nimeshachoka kuombwa radhi na ukuta."

Ukumbi mdogo ulijaa wanawake. Mzee Shehe akageuka kuwatazama wa nyumbani mwake.

"Nani?"

"Mimi nilichora mikono," Riziki alisema. "Mikono! Mtu hatambuliwi kwa mikono. Kilichomponza ni nyusi."

"Nyusi nimezisafisha, sikuzitinda," Hidaya akasema. "Wifi yangu, piko mpaka kiwiko ni la nani katika mji huu? Sema wewe unayewachora."

"Na mimi nimetia wanja," Bi Mgeni akasema, "ambao nimempaka tangu ana siku arobaini. Leo ndiyo umekuwa wa bibi harusi?"

"Na kikuba, mama?" Hidaya akauliza.

"Kikuba ni maua!"

Wakapandishiana sauti mpaka Bi Chiku, aliyekuwa amesimama pembeni kwa aibu, akagonga sakafu kwa mkongojo wake. Mzee Shehe akamgeukia kama mtu aliyeona njia ya kutokea.

"Mama, tusaidie wewe. Ni kipi hasa kilichokufanya udhani huyu ndiye?"

Bi Chiku akafikiri. Alikuwa mkweli, na ukweli wake haukusaidia kitu.

"Ningeliona piko peke yake," alisema, "ningesema, huyu mama yake ni mchoraji. Ningeliona nyusi na mdomo peke yake, ningesema, hawa ni watu wa mjini. Ningeliona wanja na kikuba peke yake, ningesema, huyu kalelewa na bibi yake. Hata viwili, huenda ningeuliza. Vilipokuwa vyote sikuuliza." Akavua miwani akaifuta. "Na hata hivyo, asingekuwa kitini ningempita. Aliyemkalisha kitini nani?"

Aliyemkalisha alikuwa ndani ya komeo.

"Baba yake alisema kimoja kimoja," Hidaya akakumbusha. "Asingetukataza kusema, mimi ningeshasema tangu asubuhi."

"Ah, sasa ni mimi?" Mzee Shehe aliuliza. "Haya. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mwenye kumimina ni nani?"

Muda unakwenda. Kutoka msikitini ametumwa mtu kuuliza kuna nini, akaambiwa subiri. Watu wa bwana harusi wameanza kunong'ona kwamba bibi harusi hataki kuolewa. Bi Chiku amekaa kwenye mkeka, hajanywa maji. Amesema kidani hakivui. Alichovisha kwa dua hakivui kwa mkono wake, na atakayekivua awe amejua kwanza aende kumwambia nini Zamda.

Ndipo Riziki akamshika mwanawe begani, kwa upole, upole wa mtu aliyepata njia fupi.

"Nenda wewe mwanangu. Wewe ni mdogo, kuomba radhi hakukupunguzii kitu. Zamda anakupenda. Sema ni mimi, yaishe."

"Eeh, nenda," Hidaya akasema. "Na kwa kweli ulijiona kwenye kioo."

"Mtoto haaibiki kwa kuomba radhi," Bi Mgeni akasema.

Wote watatu, tazama, kwa mara ya kwanza tangu Salha azaliwe, walikuwa wamekubaliana juu ya uso wake.

Salha alikuwa ameegemea ukuta. Wanja umeshuka mpaka mashavuni, rangi ya mdomo imepanda kidevuni pale alipojifuta kwa mkono, kidani kinamkaba. Alikuwa tayari kwenda. Miguu ilikuwa imeshaanza. Alimtaka Zamda, alitaka kukaa naye mpaka apande gari, na angesema lolote ili mlango ule ufunguke. Lakini yale maneno, ulijiona kwenye kioo, yakamrudisha.

"Mliponifuta, hamkuniuliza," alisema. Hakupiga kelele. "Idi hamkuniuliza. Limau hamkuniuliza. Jana mkanichora, leo mkanipaka, mmoja hakusema, Salha, unataka? Uso ulikuwa wa mama, ulikuwa wa bibi, ulikuwa wa shangazi, baba akaugawa kama nyama ya hitima. Sasa pamefika pa kuomba radhi, ndiyo umekuwa uso wangu?"

Riziki aliondoa mkono begani.

"Na ni kweli nilijiona," Salha akaendelea, na hapo ndipo sauti ilipokatika. "Nilijiona nikaacha. Kwa hiyo hata nikienda sitasema uongo. Lakini nikienda mimi, nyinyi mtakuwa hamkufanya kitu. Na kesho mtanikamata mlangoni mnifute."

Kutoka ndani ya chumba, Zamda aliyekuwa akisikia yote akasema, si kwa ukali, "Salha, sijasema uje wewe. Sijasema usije. Nimesema aje mwenye kosa."

"Na kiti, da Zamda?" Salha aliuliza mlangoni. "Kiti alinipa nani?"

Halafu wakasikia kitu kinaburutwa, kama mtu anayeketi chini nyuma ya mlango.

Nimefika hapo, na hapo ndipo ninapokasirika kila ninapoisimulia. Riziki alitia ua moja, Hidaya uso mmoja, Bi Mgeni wanja wake na maua yasiyohesabiwa. Mzee Shehe alitia ruhusa na akaziba midomo. Zamda alitoa kiti bila kumtazama anayempa. Salha alijitazama akaacha. Ondoa mmoja wao, yeyote, na Bi Chiku angekuwa amemvisha kidani mwenyewe, na Zamda yuko kitini. Mlango unataka mtu mmoja. Msikitini wanangoja. Msichana wa miaka kumi na sita amesimama katikati ya ukumbi na uso ambao kila mtu ameuzidishia kidogo.

Msiniambie waende wote, mwenye mlango ameshakataa. Msiniambie ni desturi, desturi haina mkono wa kugongea. Wewe uliyekaa pale mbele, mama mwenye binti, na wewe baba uliyeinamisha kichwa, na nyinyi wasichana mnaocheka huko nyuma na midomo yenu hiyo: mtoeni mtu mmoja katika ukumbi ule. Na mkishamtoa mniambie, Salha akirudi shuleni, nani atashika kioo na kusema hapa pametosha?

Je, wewe ungempeleka nani mlangoni?